Kabati la Shomari

Ukitaka kuanzisha ugomvi Kaloleni bila kumtukana mtu, taja gari la Shomari. Wapo watakaokuambia halijawahi kupita gari la maana kama lile mjini Arusha, na wapo watakaokuambia kitu kile si gari hata kidogo, ni aibu iliyowekewa matairi. Mbele lilikuwa na pua fupi ya kigari cha Kijapani. Nyuma lilikuwa na bodi ndefu, iliyonyanyuka juu kiasi kwamba mtu mzima alisimama ndani wima na kofia yake, bodi ambayo Shomari aliiunga kwa mkono wake kutokana na mabaki ya magari ya watalii. Mlango mkubwa ulikuwa nyuma, nao haukufunguka pembeni kama milango ya watu wengine. Ulilala chini ukawa daraja. Viti navyo havikutazama mbele. Yalikuwa mabenchi mawili marefu, moja kila upande, yenye bawaba, na ukiyakunja ukutani ndani panabaki sakafu tupu. Watu walilibatiza Kabati, na jina likakataa kutoka.

Shomari hakujali. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtu wa maneno ya kuhesabu, ambaye nusu ya umri wake aliimaliza akikata na kurefusha magari ya watalii kwenye karakana za wenzake. Alikuwa akiyashangaa siku zote. Gari la fedha zote zile linajua kazi moja tu, kupeleka wageni kutazama simba! Lake yeye lilijua kazi. Asubuhi lilibeba watoto wa shule, mchana lilipanda mlimani kufuata ndizi, Jumapili lilibeba kwaya pamoja na maspika yao.

"Hili ni gari la nini?" askari wa barabarani walimuuliza kila mwezi.

"La kila kitu, afande."

"Hakuna gari la kila kitu. La abiria au la mizigo?"

"Sasa hivi?" Shomari alijibu, na hakuwa anatania. Ndiyo maana faini zilimwandama.

Twahira, mkewe, mwanamke wa Pangani anayependa vitu vikae vinapotakiwa kukaa, alilichukia gari lile tangu siku ya kwanza. Alikuwa radhi apande bodaboda kwenda sokoni huku gari la mumewe limeegeshwa uani. Lakini ulipopatikana mkataba wa kupeleka watoto kwenye shule moja ya Kiingereza huko Njiro, mambo yaligeuka. Alitakiwa mtu mzima wa kukaa na watoto, na nani mwingine? Twahira akashona gauni la kijani, wazazi wakaanza kumwita Madam, na watoto wakamganda. Mwenye jina la Madam halali na nongwa za zamani. Akaanza kulitetea Kabati kuliko hata aliyeliunda. Zaidi ya hayo, ndilo lililokuwa likimlipia ada binti yao Salwa, aliyekuwa mwaka wa mwisho pale chuoni Makumira, na wazazi wote wawili walikuwa wameacha kitu kingine chochote ili amalize.

Kulikuwa na kazi moja ambayo haikutajwa mbele ya wazazi wa watoto. Kabati lilibeba misiba.

Ilianza kwa jirani. Uani kwao walipanga pamoja na Elinami, Mmeru aliyekuwa akiuza ndizi soko la Kilombero, na mkewe Marta. Walikuwa wamegawana uzio, bomba na jiko la nje kwa miaka mingi, hata watoto wa nyumba moja waliogeshwa na mama wa nyumba nyingine. Elinami ndiye aliyeshikilia vyuma Shomari alipokuwa akivichomelea, na ndiye aliyelipigia debe Kabati kwa kila mteja wa ndizi. Mama yake Elinami alipofariki hospitali, walitakiwa wampandishe kwao, juu ya Makumira, azikwe kwenye kihamba chake, shamba la migomba la ukoo. Shomari akakunja benchi moja, jeneza likalala sakafuni, na benchi la pili wakakaa wafiwa. Twahira alikuwa nao. Alimwona Marta ameweka kiganja juu ya ubao njia nzima, akizungumza na yule mama kwa Kimeru, polepole, kama wako jikoni.

"Unajua, Twahira," Marta alimwambia walipofika, "baba yangu tulimpeleka kwenye pikapu. Tulikaa mbele na dereva, yeye nyuma peke yake na matairi ya akiba. Mpaka leo inaniuma. Leo angalau tumemleta mama kama mtu."

Tangu siku ile habari zilienea. Hakukuwa na gari jingine mjini ambalo familia ingeweza kukaa na marehemu wao bila kunyeshewa na bila kutazamwa na barabara nzima. Shomari hakuwa akitoza zaidi ya mafuta. Alirudi, akaosha gari kwa maji na dawa, akafungua mlango lipigwe na upepo, na Jumatatu watoto wakapanda wakiimba.

* * *

Yote yalivurugwa na utepe.

Elifuraha, mtoto wa darasa la kwanza, aliuona chini ya benchi siku ya Jumatatu: utepe wa zambarau, mpana, unang'aa. Mtoto wa kike na utepe, nani wa kumlaumu? Akajifunga kichwani, akafika nao nyumbani. Mama yake, Irine, mfanyakazi wa benki, alimsifia kwanza. Kisha akamgeuza amfungue nywele, akasoma maandishi ya dhahabu: *Pumzika kwa amani, babu yetu mpendwa.*

Simu ilimkuta Twahira anakaanga samaki.

"Madam, naomba unieleze," Irine alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini mno, "mwanangu ametoa wapi kitambaa cha shada la msiba?"

Twahira alijaribu kusema huenda mtoto aliuokota barabarani. Hata yeye mwenyewe alijisikia anavyodanganya vibaya. Kufika usiku kundi la simu la wazazi lilikuwa linawaka moto, na Jumamosi wazazi walijaa uani.

Twahira alikuwa ameazima viti mtaa mzima. Wengi hawakukaa. Walisimama wanalizunguka Kabati wakichungulia ndani, mmoja akinusa, mwingine akipanguza benchi kwa kidole halafu akikitazama kidole. Twahira aliyaona hayo yote akiwa na birika la chai mkononi, na hakuna aliyetaka chai.

"Mimi sina ugomvi na mtu," Irine alianza. "Baba Salwa anaendesha vizuri, Madam anawapenda watoto. Lakini jamani, mwanangu anakalia mahali ambapo jana yake palikuwa na maiti!"

"Hapana, mama," Shomari alijibu kwa upole. "Benchi tunalikunja. Maiti inalala chini."

Lo! Afadhali angenyamaza. Mama mmoja alishika mdomo. "Chini si ndiko wanakoweka mabegi ya chakula?" aliuliza, na uani pakalipuka.

Aliyewatetea alitokea pasipotarajiwa. Alikuwa Jitendra, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, babu yake Dimple wa darasa la tatu. "Ndugu zangu, mimi nauza bomba miaka arobaini," alisema. "Bomba ya choo na bomba ya maji ya kunywa inakuja lori moja. Nyote mmenunua kwangu, nyote mnakunywa. Gari hii inaoshwa. Wangapi hapa wanaosha gari zao?"

"Mzee Jitendra, shikamoo, lakini mtu si bomba," Irine akamjibu, na watu wakacheka kwa namna ambayo mzee yule aliona bora akae.

Wakagawanyika. Wengine walisema kifo si ugonjwa, hakiambukizi. Mmoja akasema hofu yake si uchafu, ni mtoto kuota ndoto mbaya. Mwingine akasema tangu mwanzo hakuliamini gari lisilojulikana ni gari gani. Shomari alisimama katikati, mikono nyuma, akijibu kila swali kwa ukweli mtupu, na kila ukweli ulizidi kumfukuzia wateja. Wawili walikwisha sema watatafuta usafiri mwingine. Irine alifungua pochi akatafuta funguo za gari.

Akilini Twahira alimwona Salwa akirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Alimwona waziwazi, na begi lake mgongoni. Akaweka birika chini.

"Wallahi!" alisema, na kila mtu akageuka. "Wallahi billahi, kuanzia leo maiti haitapanda tena gari hili. Awe ndugu, awe jirani, awe nani. Nimeapa mbele yenu na mbele ya Mungu."

Kiapo ni kitu kizito Arusha, kwa Mwislamu na kwa Mlutheri. Irine alirudisha funguo kwenye pochi. "Kama Madam amefikia kuapa," alisema, "mimi nani nibishe?" Wazazi wakaanza kukaa, na chai ikanywewa hadi birika likakauka.

Shomari hakumtazama mkewe mpaka mgeni wa mwisho alipotoka.

"Ungeniuliza kwanza," alisema.

"Ningekuuliza saa ngapi? Walikuwa wanaondoka!"

"Basi. Umeapa, umeapa."

Upande wa pili wa ua, Elinami alikuwa amekaa mlangoni kwake anachambua mikungu. Alisikia yote. Alimpungia Twahira mkono, akacheka. "Shemeji, sasa mimi nisife!" alisema, na Twahira naye alicheka sana siku ile.

* * *

Alikufa mwezi wa nne, masika yamekolea. Alianguka sokoni asubuhi akiwa anashusha ndizi, na jioni hospitali ikamwambia Marta arudi nyumbani akalete nguo. Mazishi yalipangwa Jumamosi, mlimani, kando ya mama yake.

Twahira alilia kilio cha kweli. Alipika kwa ajili ya waombolezaji, alimlaza Marta, alimlazimisha anywe uji. Lakini kila alipotoka nje macho yake yaliliona Kabati limesimama uani, na alijua swali lililokuwa njiani.

Shomari ndiye aliyelitangulia. Alimfuata chumbani, akafunga mlango.

"Mama Salwa, kiapo kina kafara. Unalisha maskini kumi, yanaisha. Hayo uliyasoma madrasa huko Pangani kabla yangu."

"Nayajua."

"Sasa?"

"Na Irine? Irine naye nitamlisha wali akubali? Benki yake iko barabarani pale pale tunapopita. Akiliona gari lina jeneza, Jumatatu tunabeba nani? Salwa kabakiza miezi mitatu, Shomari! Miezi mitatu tu!"

Shomari alikaa kitandani. Ukweli ni kwamba naye aliijua ada ile, naye aliiogopa. "Gari ni langu," alisema mwishowe, "lakini kiapo ni chako. Ukiniambia niwashe, nawasha. Usipotamka, siwezi kukuvunjia kiapo chako."

Hakutamka. Na mpaka leo, ukimsikia Twahira anahema peke yake anapofua, ujue amerudi kwenye chumba kile, anajaribu kutamka neno moja lile.

Marta alikuja jikoni Alhamisi alasiri, amejitanda kanga, macho yamevimba. Hakumwendea Shomari. Alijua, kama mtaa wote ulivyojua, mwenye neno nyumba ile ni nani.

"Mwenzangu," alisema, akashika fremu ya mlango. "Shemeji Ludovick ana pikapu yake, amesema atampandisha kaka yake. Sijakataa. Lakini nilikuwa nafikiri... mvua hii, na njia ile. Mimi nataka nikae naye tu. Kama tulivyokaa na mama."

Twahira aligeuza mwiko kwenye sufuria ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

"Marta, niliapa."

"Nilisikia."

"Niliapa kwa Mungu, mbele ya watu."

Kila neno lilikuwa la kweli, na bado alikuwa anadanganya, na alilijua hilo wakati neno lingali mdomoni. Angeweza kusema naogopa. Angeweza kusema ada ya Salwa. Marta angemwelewa, au angemkasirikia, lakini wangekuwa watu wawili wanaoambizana ukweli. Badala yake alijificha nyuma ya jina la Mungu.

Marta aliachia fremu ya mlango. "Basi, mwenzangu," alisema. "Hicho si kitu cha kuchezea. Unisamehe kwa kukutia katika mtihani."

Akamwomba msamaha! Twahira alitamani ardhi ipasuke. Lakini haikupasuka, na Marta akarudi kwa wageni wake.

* * *

Jumamosi mvua haikukata tangu alfajiri. Jeneza la Elinami liliwekwa nyuma ya pikapu ya Ludovick, likafunikwa turubai la bluu lile lile alilokuwa akifunikia ndizi. Kiti cha mbele walimwekea Marta, akakataa. Alipanda nyuma na kanga zake mbili, akakaa kwenye ukingo wa bodi, akashika jeneza kwa mikono yote miwili. Shomari alipanda upande wa pili, akashika ncha ya turubai. Hakuwa ameambiwa na mtu.

Kabati lilibaki uani. Lilikuwa limeoshwa, limekauka, na halikuwa na safari yoyote siku ile.

Twahira alipanda Kosta iliyokodiwa kwa waombolezaji, akapata kiti cha dirishani. Safari nzima aliiona pikapu mbele yao. Walipita Tengeru, walipita sokoni, watu wakasimama kando ya barabara wakitazama mwanamke aliyelowa ameshikilia sanduku. Malori yalipita yakiwamwagia maji. Mara moja upepo ulilipeperusha turubai, na Shomari akalilalia kwa kifua chake lisiruke. "Maskini Marta," alisema mama mmoja kiti cha nyuma. "Kwani lile gari la kule kwenu limeharibika?" Twahira hakugeuka. Alijifanya amelala.

Walipoacha lami pale Makumira na kuanza kupanda, pikapu ilizama kwenye tope. Vijana walisukuma, matairi yakazunguka bure, jeneza likateleza likagonga mlango wa nyuma kwa kishindo ambacho kilisikika hadi ndani ya Kosta. Marta alipiga yowe moja tu. Ikabidi wamshushe Elinami, wambebe mabegani kilomita iliyobaki, tope magotini, mashada yakichuruzika rangi. Kabati lilikuwa limeipita njia ile mara ngapi, masika na kiangazi? Kila mtu pale alijua, na wachache walikuwa na adabu ya kutosema.

"Si kulikuwa na gari lao?" shangazi wa marehemu aliuliza kwa sauti, kihambani, baada ya kaburi kufukiwa. "Wakati wa kubeba ndizi zetu lipo, wakati wa kutubeba sisi halipo?"

Twahira alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Alisubiri.

"Shangazi, mwache," alisema Marta, na sauti ilikuwa imemkauka. "Ameapa kwa Mungu wake. Ulitaka amkosee Mungu kwa ajili yangu?"

Kisha, mwanamke huyu aliyetoka kumzika mumewe, gauni lake bado lina tope mpaka kiunoni, alimtafuta Shomari katikati ya watu. Mbuzi alikuwa amefungwa migombani, hajaguswa. "Baba Salwa, tulikusubiri uchinje wewe," alimwambia. "Nilisema majirani zangu Waislamu wasije wakaondoka na njaa."

Shomari alichinja. Twahira aliletewa sahani yake, nyama na ndizi, moto, kabla ya wengi. Alikula yote kwa sababu kuiacha kungekuwa aibu nyingine, na hakuonja kitu.

* * *

Salwa alimaliza chuo. Tuliseme hilo, kwa kuwa ndilo lililonunuliwa. Alivaa joho, wakapiga picha, na Twahira kwenye picha zote anatabasamu upande mmoja wa mdomo.

Muhula uliofuata ile shule ilinunua basi lake, jipya, la njano, lenye viti vinavyotazama mbele. Irine alituma ujumbe mzuri wa kuwashukuru Madam na Baba Salwa kwa moyo wao, na kuwatakia kila la heri. Gauni la kijani likatundikwa nyuma ya mlango. Hakuna aliyekosea, watu walipata walichokuwa wakikitaka tangu mwanzo, gari linalojulikana ni gari gani.

Ndizi peke yake haziwezi kulisha gari. Shomari aliongeza mchanga, akaongeza mbao za kutoka Olmotonyi, na bado mwezi haukufika mwisho. Ndipo wakaja watu wa Kisongo, familia yenye uwezo wake, wamesikia kuna gari ambalo mtu anaweza kukaa na marehemu wake. Mama yao alikuwa amefia mjini, walitaka kumpeleka hadi Babati. Walitaja fedha ambayo Shomari hakuwa ameishika tangu mkataba wa shule uishe.

"Mwenye neno yuko ndani," aliwaambia. Akaingia kwa mkewe, akamweleza, akaongeza, "Kiapo chako. Mimi sisemi kitu."

Twahira alilitazama gauni la kijani nyuma ya mlango. Wazazi waliompa sababu ya kuapa walikwisha ondoka. Kiapo chenyewe kilikuwa bado kipo, kimekaa nyumbani kama mgeni asiyeaga.

"Waambie kesho," alisema.

Asubuhi aliinjika sufuria kubwa nje. Alikuwa amekwisha waambia wazee wa kwenye baraza la msikiti na wajane wawili wa mtaa wa nyuma, kumi kamili. Hakuwa amemaliza kumenya vitunguu Marta alipotokea. Tangu afiwe alikuwa amekonda, na biashara ya ndizi aliiendesha mwenyewe, lakini akiona moshi wa sufuria kubwa upande wa jirani hakuweza kukaa. Alivuta kigoda, akachukua ungo, akaanza kuchagua mchele.

"Shughuli ya nini, mwenzangu? Mbona hukuniita?"

Neno *sadaka* lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Twahira. Lilikuwa neno zuri, halina makosa, na lingepita. Lakini alichoka. Alikuwa amechoka kwa miezi.

"Ni kafara," alisema. "Ya kile kiapo changu."

"Kafara ndiyo nini?"

"Mtu akiapa, halafu akataka kukivunja... analisha maskini kumi. Basi, anakuwa huru."

Vidole vya Marta viliendelea kutembea kwenye mchele, vikitoa kijiwe, vikitoa kijiwe.

"Kumbe kinafunguka."

"Kinafunguka."

"Kwa wali tu."

"Kwa wali."

Maji yalianza kuchemka. Twahira hakuyatazama.

"Na wakati ule," Marta aliuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Marta alimaliza mchele uliokuwa kwenye ungo, wote, mpaka punje ya mwisho. Aliuweka ungo miguuni pa Twahira, akasimama, akakung'uta kanga yake.

"Ungeniambia, Twahira," alisema. "Huo wali ningeupika mimi."